Mpe Kiti Anayekukatalia

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, niliyotoka Njoro bila kujua ninakokwenda. Umande ulikuwa bado umelala juu ya ngano ya mzungu, na mama yangu alikuwa amechutama jikoni akikoroga uji. Akaniuliza bila kugeuka, "Simiyu, leo ni wapi?" Nikamjibu, "Nitajua nikifika." Hakushangaa. Tangu niache shule darasa la nne, miguu yangu haikujua kutulia. Nilikuwa nimechunga ng'ombe Molo, nimechuma pareto Olenguruone, nimekuwa taniboi, yaani utingo, wa lori la mbao, na kila mahali nilikaa mpaka maswali yangu yakaisha, kisha nikabeba blanketi langu. Wazee walinicheka, lakini wazee haohao ndio waliosema kwamba mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota.

Safari hiyo niliokota jambo, nami nimelitunza hadi uzeeni. Nataka kukupa wewe, kwa sababu ya maneno uliyoniambia Jumapili. Najua wewe ni mjukuu, lakini kwetu mtoto wa mtoto ni mtoto, basi niache nikuite mwanangu.

Uliniambia umekubaliwa kusomea uzamivu wa sayansi, na kwamba chuo kimekutaka utafute mwenyewe walimu watakaokaa kwenye kamati yako: wakushauri, wasome tasnifu yako, na mwishowe wakae mezani wakuhoji. Ukacheka, ukasema, "Babu, nimeshawapata wote, na wote wananipenda." Nikanyamaza. Mama yako akadhani nimesinzia. Sikusinzia. Nilikuwa nimerudi Nakuru ya miaka ya hamsini, katika karakana ya Makalasinga, nikisikia maneno yayo hayo kwenye kinywa cha kijana mwingine.

Kutoka Njoro nilipata lori la maziwa, likanishusha mjini. Kipande, kile kitambulisho cha mkoloni, kilikuwa mfukoni, maana ilikuwa bado Hali ya Hatari, na mtu aliyekutwa bila kipande alilala ndani. Sikuwa na shughuli yoyote mjini, basi nikateremka hadi ziwani kutazama flamingo. Siku hizo ukiwa mbali ungedhani mtu ameanika mashuka ya rangi ya waridi ukingoni mwa maji. Nilipokaribia nikaona pikapu imezama kwenye tope la magadi, na kando yake kijana Kalasinga, kilemba kimelegea, suruali imekunjwa hadi magotini, ameshika chupa kama mtu aliyeshika yai.

"Unajua kusukuma?" akaniuliza.

"Kusukuma najua. Lakini kwanza niambie, haya maji hata ng'ombe anakataa. Wewe unayapeleka wapi na chupa?"

Akanitazama vizuri, akacheka. "Nikikwambia, utasukuma?"

"Ukiniambia vizuri."

Akaniambia vizuri. Ndani ya maji yale, alisema, mna mwani mdogo sana wa kijani, mdogo hata macho hayauoni, na huo ndio chakula cha flamingo. Kuna miaka ndege wale huhama wote, na hakuna ajuaye sababu. Yeye aliamini sababu ni chumvi: jua likilikausha ziwa, chumvi inazidi, mwani unakufa, ndege wanafunga safari. Alikuwa amezaliwa papo hapo Nakuru, akaenda kusoma Amerika, na sasa amerudi kukusanya maji ya kuandikia tasnifu ya udaktari. Jina lake Balbir. Nilisukuma pikapu ile mpaka tope likanifika masikioni, na jioni hiyo nilikuwa na kazi ya kubeba chupa, na kitanda nyuma ya karakana ya baba yake.

Huyo baba yake, Mzee Kartar, alikuwa akiunda bodi za malori. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye sauti ya kusikika hadi stesheni, na mwenye majivuno yasiyojificha. Lori likipita barabarani na bodi yake, aliacha kazi, akasimama, akalitazama mpaka linapotelea. Usione vyaelea, mwanangu, vimeundwa. Na mzee yule alijua nani aliyeviunda.

Sasa sikia desturi yake. Bodi ikikamilika, ikishapakwa rangi, na kabla mwenye lori hajaitwa, Mzee Kartar alituma mtu ng'ambo ya barabara amwite mhunzi mmoja aliyeitwa Mzee Osman. Kartar na Osman hawakupendana. Walikuwa wametoka jimbo moja kule India, lakini dini zao zilikuwa mbili, na nchi yao ilikuwa imegawanyika kwa damu. Hapa Nakuru wao waligombania misumari. Wakiwa na hasira ya kweli walisemezana Kipunjabi. Wakitaka sisi wafanyakazi tucheke, walitukanana kwa Kiswahili.

Osman alikuja na nyundo yake mwenyewe. Hakusalimia. Alipanda juu ya lori, akaruka-ruka kwa visigino, akashuka, akalala chini chali, akagonga hapa, akagonga pale, ameinamisha sikio kama daktari anayesikiliza kifua.

"Kartar, hii ni lori ama kitanda cha bibi harusi?" alisema kutoka chini ya gari. "Naona rangi mingi sana. Mtu anapaka rangi mingi akiwa na kitu ya kuficha."

"Gonga, wacha mdomo. Ungejua kutengeneza lori, ungekuwa unagonga masufuria?"

"Sufuria yangu haijawahi kuangukia mtu."

Kisha tukasikia nyundo ikigonga mahali pamoja, tena, na tena. Osman akatoka chini, akapangusa mikono polepole. Bawaba moja ya mlango wa nyuma ilikuwa na ufa. Mzee Kartar alilaani kwa Kipunjabi, akalaani kwa Kiswahili, akainama kutazama. Ufa ulikuwapo. Akaagiza mlango wote ufunguliwe na kazi ianze upya. Halafu, mwanangu, akamwagizia Osman chai, nao wakakaa kwenye mbao, kila mtu ametazama upande wake, wakanywa.

Nilistaajabu. Nilimuuliza Balbir kwa nini baba yake hamwiti rafiki yake amkagulie kazi. Balbir akasema, "Marafiki wa baba huja lori likishalipiwa. Wakija mapema, baba anasema watamharibia kazi." Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, mzee yule hakuwa amekaa pwani wala kuona mnazi, lakini alilijua hilo.

Ajabu ni kwamba Balbir, aliyekulia ndani ya desturi hiyo, hakuiona ikimhusu.

Ilikuwa wakati wa chai hiyohiyo. Mama yake alikuwa ametuletea chapati, na Balbir alikuwa na furaha kwa sababu ameshaipanga kamati yake. Chuo chake kilikuwa kimempa masharti: mwenyekiti, walimu wengine wawili wa kulekule, na mtu mmoja wa nje, msomi anayekaa karibu na ziwa, atakayeiona kazi kwa macho yake. Ilibidi wote wawe wamekubali kabla hajapanda meli kurudi. Bila kamati, hakuna kuandika. Bila kuandika, miaka yake yote ya ugenini ingekuwa maji ya chupa tu. Hakuwa na nafasi ya kujaribu tena. Kijana wa Nakuru kurudishwa nyumbani bila shahada, siku hizo, lilikuwa jambo ambalo mtaa mzima ungelikumbuka.

"Haya, tuambie," akasema Mzee Kartar.

"Mwenyekiti ni profesa wangu, huyo chuo kimenipa. Wa pili ni yule ambaye mkewe alikuwa ananialika kula kila sikukuu. Wa tatu alinisaidia kupata nafasi ya kusoma. Na wa hapa nyumbani ni Mwalimu Desai."

"Desai kwa nini?"

"Alinifundisha kemia, baba. Ana shahada nzuri. Tena nimeshamdokezea. Nisipomwita, atasikia vibaya."

Mzee Kartar aliweka kikombe chini. "Hii ni kamati ama karamu?"

Balbir akajaribu kucheka. Baba yake hakucheka. "Mmoja amekulisha, mmoja amekusaidia, mmoja amekufundisha. Hao ni watu wa kukaa mbele siku ya harusi yako, nami nitawavisha maua kwa mikono yangu. Niambie kitu kimoja tu. Nani kati yao amewahi kukwambia umekosea?"

Nilisikia Osman akivuta chai yake kwa mdomo.

"Yule mama wa mawe alimwambia," akasema Osman, kwa sauti ya mtu anayezungumza na kikombe. "Mbele ya watu wote."

"Osman, nyamaza."

"Mimi nimenyamaza."

Lazima nikueleze, mwanangu. Kabla mimi sijafika Nakuru, Balbir alikuwa amealikwa kuzungumza katika ukumbi wa shule ya Wahindi juu ya kazi yake. Jamaa walijaa, mama yake amevaa hariri, Mzee Kartar amekaa mstari wa mbele na kilemba kipya. Balbir alipomaliza na makofi kupigwa, akasimama mama mmoja mzungu, mtafiti wa mawe kule Kariandusi, akasema kwamba kijana amehesabu alichokiona na kusahau asichokiona. Akaketi. Balbir alibaki amesimama pale, karatasi mkononi, hana neno. Tangu siku hiyo jina la mama yule halikutajwa nyumbani kwao.

Sasa lilikuwa limetajwa. Mzee Kartar alimgeukia mwanawe.

"Siku ile nilirudi nyumbani nikitaka kumchukia yule mwanamke," akasema. "Nikashindwa. Unajua kwa nini? Kwa sababu hukumjibu. Kama alisema upuzi, ungemjibu." Akashusha pumzi. "Osman amesema kweli. Mungu amlaani."

"Amin," akasema Osman, akachukua chapati nyingine.

Nimewaona watu wengi wenye elimu, mwanangu, na wengi hawakubali kuambiwa jambo mbele ya mfanyakazi. Balbir alikuwa na kila njia ya kukwepa. Angeweza kusema baba yake hajui mambo ya chuo. Angeweza kununa. Alikaa palepale, akala chapati yake hadi mwisho, kisha akasema, "Kwanza lazima niende kwa Mwalimu Desai. Siwezi kumwacha asikie barabarani." Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu kijana yule kikweli, zaidi ya kupenda tu hadithi zake za mwani.

Nilimsindikiza. Mwalimu Desai alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani, na tayari alikuwa amepanga meza ya kusomea kazi ya mwanafunzi wake, kalamu zimechongwa. Balbir alipomweleza, alisimama, akaanza kuzirudisha kalamu kwenye kopo, moja moja. Niliona uchungu. Kisha akasema, "Balbir, mimi ningesoma kila ukurasa nikiona fahari. Fahari haina macho. Nenda kwa yule mama." Na tulipofika mlangoni akaita nyuma yetu, "Lakini nakala yangu usinisahau!" Nimekutana na walimu wengi njiani, wachache wangerudisha kalamu zao namna ile.

Basi tukaelekea Kariandusi. Mimi sikuwahi kufika huko, na unajua jinsi mahali pageni panavyonifanya. Nilitaka kujua kila kitu. Balbir aliendesha bila kuona njia. Tulipita Lanet, tukapita Gilgil tukiwa tumezidisha njia kwa mawazo yake, tukarudi nyuma, mpaka tukauona mlima uliokatwa ubavu, mweupe kama unga wa ngano. Wachimbaji walikuwa wakitoka kwenye mashimo, weupe kichwa hadi kidole, macho tu ndiyo meusi. Balbir alisimamisha gari, lakini hakushuka.

"Simiyu," akasema, "akinifukuza?"

"Tutakuwa tumeiona Kariandusi," nikamwambia. Ndilo jibu pekee nililokuwa nalo. Mimi hata nilipofukuzwa mahali, niliondoka nikiwa nimeshapaona.

Nyumba ya yule mama ilikuwa ya mawe, ndogo, imejaa mawe ndani na nje. Wafanyakazi walimwita Mama Mawe. Alikuwa na nywele za mvi zilizokatwa kama za mwanamume, na viatu vya kupandia mlima. Tulimkuta akibishana na mchimbaji mmoja aliyevimba shavu.

"Kiprono, mimi daktari ya mawe! Mara ngapi nasema?"

"Na hili jino, mama, ni gumu kama jiwe."

Akaguna, akaingia ndani, akamletea mafuta ya karafuu. Ndipo akatuona. Alimtambua Balbir mara moja, na uso wake haukubadilika. Balbir alianza kueleza kwa Kiingereza. Akamkata. "Sema Kiswahili. Huyu mtu amebeba chupa yako, wacha naye asikie." Kiswahili chake kilikuwa na makosa mengi, naye hakuyaonea haya hata moja.

Balbir akasema amekuja kumwomba akae kwenye kamati yake.

"Mimi nasema vibaya juu ya kazi yako, mbele ya mama yako. Kwa nini nakuja kwangu?"

"Ndiyo sababu nimekuja."

"Hiyo jibu ya kitabu. Nipe jibu yako."

Nilidhani Balbir atageuka aondoke. Alisogea mbele hatua moja. Akasema, "Naogopa. Naogopa kwamba kuna tundu kwenye kazi yangu, na wale niliowachagua wananipenda sana, hawatalitafuta. Wengine watalitafuta siku ya mwisho, nikiwa nimesimama mbele yao, na hakuna muda."

Mama Mawe alivuta kiti akakaa. Akachukua chupa moja mkononi mwangu, akaiinua kwenye mwanga.

"Hii maji umetoa wapi?"

"Ziwani, Nakuru."

"Ziwa ni kubwa."

Balbir akanitazama, nami nikatazama chini, maana chupa zile nilizibeba mimi na nilijua. Tulikuwa tumeteka kwenye sehemu nyingi, asubuhi na jioni, kwa uangalifu wa mtu anayepima dawa ya mtoto. Lakini zote zilikuwa mahali pa aina moja.

"Pale gari linapofika," akasema Balbir.

"Na flamingo nakula pale gari inafika?"

Niliona jambo likimwingia usoni, polepole, kama maji yanavyoingia kwenye udongo mkavu. "Hapana," akasema. "Gari likifika wanahama. Wanakula mbali na mimi." Kisha akakaa chini bila kukaribishwa, akaweka mikono kichwani. "Nimepima maji wanayoyakimbia."

Mtu mwingine angefurahia kushinda. Mama Mawe hakufurahia. Alimsogezea hadubini, akatia chini yake vumbi kidogo la lile jiwe jeupe la mlimani. Balbir akatazama muda mrefu, kisha akaniita nami nitazame. Mwanangu, siwezi kusahau. Vumbi lile lilikuwa vyombo! Visahani vyenye nakshi, vitana, vijisanduku vya kioo, vidogo kupita chochote nilichowahi kuwaza. Mama Mawe alisema kila kimoja kilikuwa ganda la mwani ulioishi katika ziwa la kale, kabla hapajakuwa na ng'ombe wala mzungu wala Kalasinga. Mlima mzima ulikuwa makaburi yake. Ziwa lile pia lilibadilika, akasema, mwani mmoja ukaondoka na mwingine ukaingia, na chumvi ilikuwa sababu moja tu kati ya sababu nyingi.

"Swali yako ni nzuri," akamwambia Balbir. "Siku ile nilisimama kwa sababu swali ni nzuri. Swali mbaya, mimi nakaa, nakunywa chai."

Balbir aliinua kichwa.

"Sasa sikiza. Mimi nikikaa kamati yako, nitakataa. Sura ya kwanza nakataa. Ya pili nakataa. Utanichukia. Lakini siku nitasema ndiyo, unaweza simama mbele ya mtu yeyote."

"Na kama wewe ndiye umekosea?" akauliza Balbir.

Mama Mawe akapiga meza kwa kiganja hadi mawe yakaruka. "Eeh! Sasa nakuja mwanafunzi! Nikikosea, wewe nakataa mimi. Na nitasoma mara mbili kabla ya kukasirika." Akampa mkono. Waliamkuana kama watu wanaokutana siku hiyo kwa mara ya kwanza.

Jua lilikuwa linaelekea Mau, na upepo wa Ziwa Elmenteita, lililo chini ya mlima ule, ulikuwa umeanza kuvuma. Mama Mawe akasema hatutarudi Nakuru siku hiyo. Asubuhi atatuonyesha jinsi ya kuteka maji katikati ya ziwa hilo kwa boti yake bapa bila kuwasumbua ndege, kisha tutaibeba boti hiyo hadi kwetu. Nyapara wa machimbo akaja kutugawa, kama ilivyokuwa desturi ya zama zile: Mhindi huku, Mwafrika kule kwenye laini ya nyumba za wafanyakazi. Mama Mawe akamwambia, "Kazi yao ni moja, wacha walale nyumba moja." Basi tukapewa stoo ya mawe yenye vitanda viwili vya kamba, katikati ya rafu zilizopangwa mashoka ya mawe ya watu wa kale waliokaa ufukweni mwa ziwa lile. Kiprono, shavu limepungua, akatuletea maziwa na ugali. Balbir alikula kama mtu aliyetoka kuugua. Nami nilitandika blanketi langu mahali ambapo asubuhi ile ya Njoro nisingeweza hata kupataja, nikajisikia mwenyeji.

Balbir alipata shahada yake, mwanangu. Jambo lake la chumvi lilipunguzwa likabaki nusu, na nusu hiyo ilisimama imara. Nilibeba chupa zake mpaka siku ya meli, kisha miguu yangu ikaniita kwingine.

Sasa nasaha yangu, na uipokee kutoka kwa mtu aliyeishia darasa la nne lakini hakuacha kuuliza. Kamati yako si mahali pa kulipia fadhila. Waliokulisha na kukushika mkono, wape shukrani, wape nakala, wape maua siku ya kuhitimu, lakini usiwape kiti kwa sababu ya fadhila peke yake. Mwenyekiti wako awe mtu mwenye subira na mwenye muda, maana mwalimu mashuhuri asiyepatikana ni kama kisima kilichofungwa kufuli. Usiwaweke pamoja wawili wasioweza kukaa meza moja, watapigana juu ya mgongo wako. Osman na Kartar waligombana, lakini walikunywa chai kwenye mbao moja. Ukiwapata wa namna hiyo, washike. Tafuta mmoja wa nje ya idara yenu, anayeijua kazi ya jirani, kwa sababu nyani haoni kundule. Na kiti kimoja, nakusihi, mpe yule aliyewahi kukukatalia na ukakosa jibu. Mchunguze kwanza. Kuna anayekataa kwa sababu hakupendi, huyo mpite; na kuna anayekataa kwa sababu swali lako analipenda kuliko unavyojipenda wewe. Muulize swali ambalo Balbir aliuliza: na kama wewe ndiye umekosea? Akikasirika, aga kwa adabu. Akifurahi, usimwache.

Nenda mwenyewe kuwaomba, usitume salamu kwa watu. Na utakaowaacha, waambie kwa kinywa chako kabla hawajasikia kwa wengine. Mficha uchi hazai. Ukimwendea mwalimu, mwonyeshe kazi yako pamoja na tundu lake.

Mungu akufungulie milango unayoiogopa, mwanangu. Akupe walimu wenye macho makali na mioyo safi, akupe kifua cha kuwasikia na ulimi wa kuwajibu. Akujalie mtu wa kukwambia hapana ungali na muda wa kurekebisha, na siku atakaposema ndiyo, ujue mwenyewe kwamba ni ndiyo ya kweli.